Pembe ya Shamba Isiyolimwa

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha alfajiri. Nimesoma kipimamvua saa tatu kamili: milimita tisa. Nimekisoma kila asubuhi tangu nilipostaafu ualimu mkuu, miaka kumi na minne sasa, na sijaruka siku isipokuwa ile niliyomzika dada yangu. Mahindi tuliyoyapanda kabla ya mvua yatachipuka. Nashukuru.

Roselida, mke wangu, ameniambia kwamba mtu anayehesabu matone ya mvua angekumbuka pia kuingiza kuni. Kuni zimelowa.

Alhamisi, 13 Machi

Milimita mbili. Wataalamu wa makumbusho wamefika leo, watu wanne na gari moja. Kaunti inakusudia kujenga wodi ya kujifungulia kando ya zahanati yetu hapa Burumba, Busia, kwenye kipande cha shamba nilichokitoa bure mwaka jana, na sheria inataka ardhi ichunguzwe kabla ya msingi kuchimbwa. Sikuwa na neno. Wanawake wa mtaa huu wanajifungulia nyuma ya pazia, wagonjwa wa malaria wakiwa upande wa pili.

Kiongozi wa wataalamu ni binti wa Funyula, huko Samia, anayeitwa Vivianne Nasimiyu. Anavaa buti za mpira na ana mwandiko mzuri. Aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, kuna kaburi lolote hapa? La zamani, la mtoto, lolote?"

Nikajibu, "Hakuna."

Daftari hili si mahali pa kudanganya, kwa hiyo naandika yaliyosalia. Kipande hicho kina pembe moja, upande wa magharibi, ambayo marehemu baba hakuilima maisha yake yote. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilipeleka jembe pale. Alinichapa, akasema, "Pale usiguse tena." Hakueleza sababu, nami sikuuliza. Baada yake sikuilima mimi pia. Ng'ambo ya pembe hiyo palikuwa na boma la akina Emorut, Wateso, kabla hawajauza na kutawanyika, na wazee wao walikuwa wakisema kwamba mpaka wetu ulitembea ukaingia kwao. Nimefika miaka sabini na minne nikishuku mambo mawili kwa pamoja: kwamba pale pana kaburi, na kwamba si la kwetu.

Hapa kwetu aliyelala ardhini ndiye mwenye ardhi. Watu hawaulizi hati kwanza. Wanauliza, "Babu yako alizikwa wapi?"

Sina hakika kwamba kuna kaburi. Lakini sikusema "Sijui". Nilisema "Hakuna".

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna mvua. Wanachimba.

Jumanne, 18 Machi

Milimita kumi na saba. Wamepata mifupa.

Saa nne hivi Roselida aliniita kwa sauti asiyoitumia kwa mambo ya nyumbani. Nilipofika, Bi. Vivianne alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo, katika pembe ile ile, akifagia udongo kwa brashi ndogo kama ya kupaka rangi. Palikuwa na mtu. Alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kwenye mfupa wa mkono palikuwa na bangili ya chuma iliyoliwa na kutu hata ikafanana na mzizi. Kando ya kichwa kulikuwa na vigae vya chungu.

Askari polisi aliletwa, kwa sababu mifupa ikionekana lazima polisi waje. Alisimama ukingoni na daftari lake.

"Nani alipotea hapa?"

"Afande, huyu ni wa zamani," alisema Bi. Vivianne.

"Zamani gani? Mwaka jana?"

"Alikufa kabla ya polisi kuzaliwa."

Askari aliandika hilo pia.

Kisha akaja Emorut. Nieleze ni nani. Ni rika langu, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na forodha. Katika ujana wake alikuwa mmoja wa wale waliowabeba wasafiri kwa baiskeli kati ya kituo chetu cha mpakani na kile cha Uganda, kazi iliyozaa jina la bodaboda. Mimi na yeye husalimiana matangani, basi. Aliegemeza baiskeli yake kwenye ua, akavua kofia, akatazama ndani ya shimo kwa muda mrefu. Akasema kitu polepole kwa Kiteso. Kisha akawageukia watu.

"Huyu ni babu yangu," alisema.

Watu wakanitazama mimi, si yeye.

Jumatano, 19 Machi

Milimita nne. Tumeitwa ofisini kwa chifu: mimi, Emorut, Bi. Vivianne, na wazee wa pande zote mbili ambao hawakuitwa lakini walijaa dirishani.

"Chifu, mimi sina maneno mingi," alisema Emorut. "Babu yangu alikufa mwaka ya tauni. Watu walikuwa wanaogopa, majirani wakamzika haraka hapo kwa mpaka, hata matanga hakuna. Baba yangu alikuwa na miaka nne. Hakuonyeshwa kaburi. Sasa ameonekana."

"Na kama ni yeye, shamba ni ya nani?" aliuliza chifu.

"Hiyo uliza Mwalimu."

Wote wakanigeukia. Nilisema kwamba hati ya shamba ina jina la baba yangu, jambo ambalo ni kweli na ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

Bi. Vivianne alieleza kwamba vigae vile vimepambwa kwa kuviringisha kamba kwenye udongo mbichi, na kwamba anadhani mtu yule ni wa zamani mno kuliko babu wa mtu yeyote aliye hai. Atapeleka makaa yaliyokuwa chini ya mifupa kwenye maabara ng'ambo, na maabara itatoa umri wake.

"Makaa ndiyo itaniambia babu yangu?" aliuliza Emorut. Dirisha zima lilicheka.

Chifu aliamua hivi: mifupa isiondolewe na msingi usichimbwe mpaka majibu yaje. Ikiwa ni ya akina Emorut, kesi ya shamba itafunguliwa. Alituonya kwamba mwaka wa fedha wa kaunti unaisha Juni, na wodi ikiwa haijaanza itapelekwa mahali pengine. Wanawake wawili waliokuwa mlangoni na matumbo yao makubwa waliondoka bila kungoja mwisho.

Jumapili, 23 Machi

Milimita ishirini. Mwanangu Bwire, ambaye ni wakala wa forodha Malaba, amekuja kula chakula cha mchana. Hakula vizuri.

"Mzee, wewe nyamaza tu," alisema. "Usiongeze neno. Usipunguze. Maabara itafanya kazi yake."

"Sijasema kitu."

"Hiyo ndiyo nataka. Endelea hivyo hivyo."

Nimewafundisha watoto wa Busia kwa miaka thelathini na nane kwamba anayejua na kunyamaza ni sawa na anayedanganya. Bwire alikuwa darasani mwangu. Inaonekana somo halikuingia, au liliingia likatoka kwetu sote wawili.

Alhamisi, 27 Machi

Milimita kumi na moja.

Jumatano, 2 Aprili

Milimita nane. Wataalamu wameifunika mifupa kwa mchanga na turubai, wakaenda Kisumu mpaka mvua ipungue. Emorut amekuja na kigoda. Anakaa kando ya turubai tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wanampelekea baiskeli zao pale pale azitengeneze. Nilimwambia Roselida kwamba mtu yule analinda kesi yake.

"Labda," alisema Roselida. Alimpelekea uji.

Jumatatu, 7 Aprili

Milimita kumi na tatu. Emorut yupo. Amechimba mfereji mdogo kuzunguka turubai ili maji yasiingie. Ameuchimba vizuri, umenyooka.

Jumanne, 8 Aprili

Milimita kumi na tisa. Yupo.

Jumamosi, 12 Aprili

Milimita sitini na moja nilipopima jioni, nyingi kuliko zote nilizowahi kuandika kwa mwezi wa Aprili. Ilianza saa nane mchana. Nilikuwa dirishani. Upepo uling'oa vigingi vya turubai upande mmoja, nikamwona Emorut akiruka kulishika, mzee wa miaka sabini na zaidi, ananing'inia kwenye pembe ya turubai kama nguo iliyoanikwa. Nilikaa nikitazama kwa muda ambao sitauandika, kwa sababu unaniaibisha. Kisha nikavaa buti.

"Shika huko!" alipaza sauti. "Huko chini! Mwalimu, shika vizuri, hii si chaki."

Nikashika. Tulisimama hivyo saa mbili, yeye upande wake na mimi wangu, shimo katikati. Maji yalipita mferejini mwake bila kugusa mifupa.

"Mtaro huu umeuchimba vizuri," nilisema.

"Nilitoa namba mbili kwa kilimo, darasa la saba. Wewe ulitoa ngapi?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

Nilitoa namba saba. Nilimwambia. Alicheka mpaka turubai likatikisika.

Mvua ilipopungua aliniambia jambo bila kunitazama. Alisema baba yake, alipokuwa karibu kufa, akili yake ilirudi utotoni, akawa anamshika Emorut mkono na kumwuliza, "Mzee, wamemweka wapi baba yangu? Nionyeshe." Alimwuliza hivyo kwa wiki mbili.

"Mimi ni mtoto, yeye ndiye baba, na ananiita mzee," alisema Emorut. "Ningemwonyesha wapi? Nikawa nasema, kesho, papa, kesho."

Nilirudi nyumbani nikabadilisha nguo. Roselida aliniwekea maji ya moto miguuni.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Milimita saba. Padri alihubiri juu ya wanawake waliofika kaburini asubuhi wakalikuta tupu. Emorut alikuwa kiti cha tatu kutoka mbele. Sikupokea komunyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Milimita tatu. Leo kulikuwa na baraza la chifu kuhusu mambo ya mifereji ya mtaa na ng'ombe wanaozurura. Yalipokwisha, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Nilisema hivi. Nilisema kwamba Bi. Vivianne aliponiuliza kama kuna kaburi nilijibu "Hakuna", na kwamba sikuwa na haki ya kujibu hivyo. Nilisema baba yangu hakuilima pembe ile na alinichapa nilipoigusa. Nilisema mtu haachi ardhi yenye rutuba bila sababu, na sababu ninayoijua mimi ya kuacha ardhi ni kaburi. Nilisema sijui ni kaburi la nani, lakini kwamba maisha yangu yote nimeogopa kuwa ni la akina Emorut. Nilisema ikiwa ni hivyo, basi baba yangu alijua, na mpaka ulitembea.

Bwire, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mambo ya ng'ombe wa mama mkwe wake, alitoka na kuwasha pikipiki. Mzee mmoja wa ukoo wetu alitema mate chini na kusema kwa Kikhayo, lugha yetu, kwamba nimemchimbua baba yangu hadharani.

Chifu akamwuliza Emorut kama ana la kusema. Emorut alisimama, akaizungusha kofia yake mikononi.

"Mwalimu amesema," alisema, akaketi.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Roselida yote. Alikuwa anachambua mboga.

"Mwalimu, nimeolewa hapa miaka arobaini na sita," alisema. "Kila mwaka nakuona unafika pale na ng'ombe wa kulima, unazunguka, unarudi. Ulidhani mimi naona unacheza densi?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja umalize kuzunguka."

Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu. Nimeandika hivyo hapa kwa sababu nikimwambia atauliza ninataka nini.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna mvua. Hakuna mgeni.

Jumapili, 4 Mei

Milimita kumi na sita. Watu watatu hawakunisalimia kanisani. Emorut alinisalimia. "Mulembe, Mwalimu," alisema kwa lugha yetu, nami nikamjibu kwa yake, "Yoga." Matamshi yangu yalimfurahisha kupita kiasi.

Jumatatu, 12 Mei

Milimita mbili. Wataalamu wamerudi. Walichimba hatua mbili kando ya mifupa, na hawakuwa wamefika hata kina cha kiganja Bi. Vivianne akaniita. Mwiko wake wa kuchimbia ulikuwa umepinda ncha.

"Mwalimu, njoo uone hii."

Lilikuwa donge jeusi, zito, lenye mapovu yaliyoganda kama uji uliomwagika motoni. Chini yake lilikuwapo jingine, na jingine, sakafu nzima. Ni mavi ya chuma, takataka zinazobaki watu wakiyeyusha mawe ya chuma tanuruni. Akanionyesha pia vipande vya mirija ya udongo ambayo mivukuto ilipulizia moto. Bi. Vivianne alikuwa na furaha kama mtu aliyepata ndugu. Kwao Samia wazee walifua majembe vivyo hivyo, na bibi yake bado analo moja.

"Hapa kulikuwa kiwanda," alisema. "Walikuwa wanajua kazi. Lakini kulima ndio hungeweza. Jembe likigonga hii, kwisha."

Nikaketi juu ya toroli.

Baba alikuwa na jembe moja zuri. Alikuwa akilipaka mafuta Jumamosi na kulilaza ndani ya nyumba, na sisi tulilazwa jikoni. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa niliyelichukua bila ruhusa na kulipeleka pembeni mwa shamba.

Nilimweleza Roselida. Aliweka sufuria chini.

"Kwa hivyo ulichapwa kwa sababu ya jembe."

"Inaelekea."

"Na ukabeba dhambi ya jembe miaka sitini na tano."

Alicheka hata akashika mwimo wa mlango. Mwishowe nami nilicheka, ingawa mtu bado alikuwa amelala pale chini ya turubai, na jembe halikueleza yeye ni nani. Baba anaweza kuwa aliogopa vyote viwili.

Jumatano, 21 Mei

Milimita tano. Emorut hufika saa mbili asubuhi. Siku hizi ninapeleka kigoda changu pia. Anasimulia jinsi alivyowahi kumbeba bwana harusi kuvuka mpaka, na bibi harusi akiwa kwenye baiskeli nyingine mbele yao, na jinsi alivyolazimika kukanyaga pedeli kwa nguvu kwa sababu bwana harusi aliogopa wangefika bila yeye. Sijui kama ni kweli. Sikumsahihisha.

Jumapili, 1 Juni

Hakuna mvua. Mahindi yamefika kifuani.

Jumanne, 3 Juni

Milimita moja. Majibu yamefika.

Bi. Vivianne aliyasoma ofisini kwa chifu, taratibu, akitafsiri alipokuwa akisoma. Makaa yaliyokuwa chini ya mifupa yaliungua kati ya miaka mia sita na mia saba iliyopita. Yale ya tanuruni ni ya wakati huo huo. Mtu yule alikuwa mwanamume wa makamo, huenda mfua chuma, na alizikwa kando ya kazi yake. Alijiita nani, alisema lugha gani, hakuna ajuaye.

"Kwa hivyo si Mteso," alisema chifu.

"Sijui."

"Na si Mkhayo."

"Sijui, Chifu. Ni mtu wa hapa. Zaidi ya hapo sina."

Ujenzi utaendelea. Wodi itasogezwa hatua nane kusini, tanuru litafunikwa na kuzungushiwa ua, na mifupa itakwenda makumbusho. Watu walishangilia. Bwire alinipigia simu kabla sijafika mlangoni, sauti yake ikiwa ya mtu aliyesamehe. Mzee wa ukoo aliyetema mate alinishika mkono na kusema alijua tangu mwanzo.

Nimefurahi. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza jina la baba yangu na sikulipoteza. Lakini ninachopigia magoti kushukuru ni kwamba nilisema mwezi wa Aprili. Ningengoja mpaka leo, ningekuwa mzee mwenye bahati, na nisingejua kamwe kama ningeweza kusema.

Nilimtafuta Emorut. Alikuwa ameshakwenda. Nilimwona kwa mbali, njia ya kuelekea forodha, kigoda kimefungwa kwenye karia. Alikuwa anaisukuma baiskeli. Hakuipanda.

Alhamisi, 5 Juni

Hakuna mvua. Nilikwenda nyumbani kwa Emorut. Sikuwa nimewahi kufika huko. Ni kiwanja cha futi hamsini kwa mia, chenye vyumba viwili, choo, na banda la mkewe Alaso la kukaangia samaki. Alaso alinipa kiti, akaniambia mumewe hajafungua kibanda tangu Jumanne.

Emorut alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na gurudumu mapajani, halizungushi.

"Umekuja kunipa pole ya kushindwa?" aliuliza.

"Hatukushindana."

"Watu wanasema nilitaka shamba."

"Mimi nilisema hivyo pia, mwanzoni."

"Ningechukua," alisema. "Nisikudanganye, Mwalimu. Mtu akipewa shamba atakataa? Lakini siku sabini na saba nilikuwa na babu. Nilikuwa namwamkia. Asubuhi nafika namwambia, mvua imenyesha, baiskeli ya fulani imeharibika, mjukuu wako amefaulu mtihani. Sasa nimekuwa kama mtu anaongea na mgeni."

Kisha nikamweleza desturi yetu, maana Wateso wengine hawaijui. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, jamaa zake hukata mgomba, wakauosha, wakaufunga shuka, wakauzika kwa jina lake, na matanga yakafanywa kama ya maiti. Baada ya hapo marehemu hazururi tena, na wao pia wanatulia.

"Mgomba," alisema Emorut.

"Mgomba."

"Nizike ndizi nimwite babu."

"Unazika shina. Ndizi unakula matangani."

Alitabasamu kidogo, akaangalia kiwanja chake. "Nitauweka wapi? Hapa choo, hapa samaki. Alaso atakaanga juu yake?"

"Kwangu," nilisema. "Nyuma ya ua wa wodi, upande wa magharibi. Baba yako alisikia kwamba babu alizikwa upande huo."

Aliacha gurudumu likaanguka.

"Mwalimu, unajua unasema nini? Kaburi kwa shamba yako? Mimi na wewe tukienda, watoto wangu watakuja waseme, hapa ndio kwetu."

"Najua."

"Umeuliza Bwire?"

"Nitamwambia."

"Hiyo si kuuliza."

"Si kuuliza," nilikubali.

Jumamosi, 7 Juni

Milimita sita. Bwire amekuja.

"Mzee, umeshinda kesi halafu unajifunga bao."

"Hakukuwa na kesi."

"Watu wanauana kwa ajili ya kaburi moja, wewe unaleta kaburi kwa mikono yako. Tena la mgomba. Mgomba unaoza, Mzee. Kaburi linabaki."

"Basi litabaki."

"Na mimi nitawaambia nini watoto wangu?"

Nilimwambia awaambie kwamba babu yao alikuwa na hofu kwenye pembe moja ya shamba kwa miaka sitini na tano, na kwamba sasa anataka pembe hiyo ipate matumizi. Hakuridhika. Sikutarajia aridhike. Alimaliza chakula chake safari hii, na nikalihesabu hilo kuwa jambo jema.

Jumanne, 10 Juni

Hakuna mvua. Msingi wa wodi umeanza kuchimbwa. Wanawake walikuja kutazama wakiwa wamebeba watoto wao, wakaonyeshana kwa vidole mahali ambapo vitanda vitakaa.

Jumamosi, 14 Juni

Milimita mbili, alfajiri tu. Tumemzika.

Roselida alichagua mgomba mwenyewe, mnene, ambao ulikuwa umeshazaa. Alaso na yeye waliuosha. Emorut alitoa shuka jeupe jipya, akalifunga mwenyewe. Katekista alisali. Akina Emorut walikuja kutoka Amukura kwa pikipiki kumi na moja, na ndugu yake mmoja aliuliza kwa sauti kubwa kama babu huyu atatoa ndizi msimu ujao. Emorut alimjibu, "Akitoa, wewe hupati." Walicheka wote, hata wa kwetu.

Kisha akashuka ukingoni, akachukua udongo kwa mkono, akauachia. Akataja jina la babu yake, Egwang, mara moja, kisha akalitaja la baba yake, akasema kwa Kiteso maneno ambayo Alaso alinitafsiria baadaye: "Papa, nimekuonyesha."

Bwire hakuja. Saa nane alimpigia mama yake simu kuuliza kama shimo lilifika futi nne, kwa sababu mbwa wa Burumba hufukua.

Jumatatu, 16 Juni

Milimita kumi na mbili usiku, kisha anga safi.

Asubuhi nilikuwa nikisoma kipimamvua niliposikia baiskeli. Emorut alikuwa anapita katikati ya shamba langu, kati ya mahindi na nyumba, akiisukuma kuelekea upande wa magharibi. Alinipungia mkono bila kusimama. Alikuwa anaongea peke yake, kitu kuhusu mvua ya jana na kiti cha baiskeli cha mtu fulani. Hakubisha hodi.

Ni sawa. Mtu habishi hodi akiingia kwao.